Foleni Ndefu, Likizo Fupi: Rekodi za Soko la Ajira Tanzania

Soko la ajira Tanzania lina rekodi ambazo wafanyakazi wangependa zidumu, na nyingine ambazo wangeomba zivunjwe hata kesho. Hizi hapa saba, moja ikiwa ya jirani.

Foleni ndefu. Mapema 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi 1,596. Waliojitokeza kuomba ni 135,027. Piga hesabu: takribani watu 85 kwa kiti kimoja, na kila mmoja na vyeti vyake mkononi.

Nyongeza nono. Mei Mosi 2025 mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kupandisha kima cha chini serikalini kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai. Hiyo ni asilimia 35.1, na imeipiku ile ya 2022 iliyokuwa asilimia 23.3.

Pengo pana. Amri ya Mishahara ya 2022 kwa sekta binafsi, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha Sh592,000 kwa kampuni za kimataifa za nishati. Dada wa kazi anayelala kwa mwajiri aliwekewa Sh60,000. Huyo ndiye anayeamka wa kwanza kuandaa chai ya watoto wa shule, na ndiye anayefunga mlango usiku. Tofauti inakaribia mara kumi. Oktoba 2025 serikali ilitangaza wastani wa kima cha chini sekta binafsi kupanda kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322 kuanzia Januari 2026.

Mshahara mkongwe. Huu ni wa jirani. Uganda, kima cha chini cha kisheria cha Sh6,000 za huko kwa mwezi kilipangwa mwaka 1984 na kikabaki hapo hapo kwa miongo kadhaa.

Likizo ndefu, likizo fupi. Hapa Tanzania, kwa mwaka ni siku 28. Tusijigambe mbele ya Wakenya wenye 21: zao ni siku za kazi, zetu zinameza hadi Jumapili na sikukuu. Mama aliyejifungua hupata siku 84, na akipata mapacha, siku 100. Baba? Angalau siku 3, wakati mwenzake wa Kenya ana wiki mbili.

Zamu ndefu. Sheria inaruhusu hadi saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwa siku zisizidi 12 hata ukijumlisha ovataimu. Muulize mlinzi wa getini. Anaingia saa 12 jioni, na asubuhi mwenzake akichelewa hatoki mpaka afike. Saa hizo za ziada zinapaswa kulipwa mara moja na nusu; wengi huambulia "ahsante".

Muda mfupi kuliko wote. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 tu kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Wengi huzimaliza wakimbembeleza bosi, na wakifika huko kwanza wanaulizwa walichelewa kwa nini.

Haki hizi za likizo, saa za kazi na ovataimu zinatoka kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayomtaka pia mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Kama hujapewa, yadai leo ukiwa bado kazini, na utunze nakala nyumbani.