Tufe la Chuma Uani: Je, ni Risasi ya Mzinga?

Fundi achimba shimo katika ua wa nyumba kongwe karibu na Ngomeni, mara jembe likagonga chuma. Latoka tufe zito lililoliwa na kutu, na kabla ya adhuhuri watoto wamekwisha kulibingirisha barazani. Hapa Mombasa jambo hilo haliwezi kuwa ajabu. Fort Jesus ilizingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, na Januari 1875 manowari za Waingereza ziliipiga kwa mizinga. Wazee wetu waliiita risasi ya namna hiyo popoo, jina lile lile la popoo ya tambuu.

Lakini si kila tufe ni la vita. Viwanda vya saruji husagia matufe ya chuma; hayo aghalabu hulika upande, yakapoteza mviringo wake. Liko pia tufe la michezo, ambalo la wanaume lina kilo 7.26. Risasi ya kale ya chuma kitupu, ikiwa na upana wa sentimita 11 hivi, huwa na uzani wa kilo 5 au zaidi kidogo, na pengine huonekana mstari mwembamba ulioizunguka, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Hata hivyo, mama, usikimbilie mizani. Yako matufe yaliyofanywa mvungu yakajazwa baruti, na baruti haifi kwa kuzeeka. Mwaka 2008, katika jimbo la Virginia, Marekani, mkusanyaji wa silaha za kale aliuawa nyumbani kwake na kombora la vita vya 1861 hadi 1865 alipokuwa akilisafisha. Tundu la kuwashia ni dalili ya hatari, lakini kutokuliona si amani, kwa kuwa kutu huliziba.

Basi lisigongwe, lisikwanguliwe, wala asiitwe mnunuzi wa vyuma chakavu. Watoto waondolewe, liachwe lilipo, waitwe polisi. Kisha waarifiwe watu wa makumbusho, kwani Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 yataka vitu vya kale vinavyogunduliwa viripotiwe.

Likithibitishwa kuwa salama, na hasa likiwa limetoka baharini, lisianikwe juani. Chumvi iliyomo hukipasua chuma kinapokauka; likae ndani ya maji mpaka wataalamu walichukue.