Stata Ikikataa, Usikimbilie Kununua Nyingine

Ndugu mkulima, tuseme umepakia magunia ya vitunguu tangu usiku. Kunapambazuka hapo Bulla Pesa, unaingia ndani ya pikapu, unazungusha ufunguo, na injini haitikisiki. Jirani mmoja asema stata imekufa, ununue nyingine. Ngoja kwanza. Mara nyingi stata ni nzima, na kosa liko kwenye betri au waya zake.

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, uwashe taa kubwa. Mwenzako azungushe ufunguo, nawe utazame taa na kusikiliza. Taa zikififia karibu kuzimika, pengine pamoja na sauti ya ta-ta-ta upesi upesi, betri imekwisha nguvu au vichwa vyake vimeshika uchafu. Jua la Isiolo hufupisha sana maisha ya betri. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama 12.6 kwenye mita, injini ikiwa imezimwa. Ikishuka chini ya 12.2 yataka kuchajiwa.

Fungua waya wa hasi kwanza, na uurudishe mwisho, spana isije ikapiga cheche. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, sugua mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi. Usiusahau waya wa ati pale unapofungwa kwenye injini. Huo husahauliwa hata na mafundi.

Taa zikibaki na mwanga uleule na stata iko kimya, umeme haufiki, ama makaa yaliyo ndani yamelika. Igonge stata polepole kwa kipande cha mti huku mwenzako akizungusha ufunguo. Ikiamka, yaelekea ni makaa, na bei yake ni ndogo sana mbele ya stata nzima. Ukisikia "ta!" moja nzito na betri ni nzuri, mwambie fundi atazame solenoidi, maana shaba zake za ndani huungua. Nayo stata ikivuma vuuu bila kuzungusha injini, meno yake hayashiki. Acha kujaribu, usije ukaharibu na meno ya gurudumu la injini. Hapo gharama huwa kubwa kweli.

Wenye trekta, sikilizeni sana. Wako watu husimama chini na kuunganisha nati za stata kwa bisibisi. Kama gia imeingia, trekta huwaka na kuondoka papo hapo, na wewe umesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Watu wamekufa hivyo. Panda, keti kitini, tumia ufunguo.

Tena usiushikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Pumzisha stata dakika mbili, ndipo ujaribu tena.