Posta Iliyobaki Njia Ilipohama

Kiwangwa ni nchi ya mananasi. Msimu ukifika, malori hujipanga kando ya barabara ya Bagamoyo–Msata, na katikati ya pilikapilika hizo utamwona mtu akimkabidhi kondakta wa basi boksi lililofungwa kamba, juu yake namba ya simu kwa wino mzito. Mpokeaji atalisubiri stendi. Stempu haina kazi hapo, na risiti ni bahati. Miaka ya sabini boksi kama hilo lingepita posta.

Tumezoea kusema simu ya mkononi ndiyo iliyoiua posta. Kwa Bagamoyo, kauli hiyo imechelewa karne nzima.

Wajerumani walifungua posta Bagamoyo na Dar es Salaam tarehe 4 Oktoba 1890. Waliiweka walikopita watu na mali: Bagamoyo ndipo njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora iliposhukia pwani, na pembe za ndovu zikavushwa kwa majahazi hadi Unguja. Huko Unguja posta ilikuwa ya Serikali ya India, na barua zilibandikwa stempu za India. Hata hesabu ilitoka huko: rupia moja ilikuwa pesa 64, na stempu za kwanza za Mjerumani kwa koloni hili, mwaka 1893, zilipigwa chapa ya thamani kwa pesa. Kwa mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo, mgeni alikuwa bendera tu.

Lakini njia ilikwisha kuanza kuhama. Makao ya serikali yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891, kwa kuwa maji ya Bagamoyo ni ya kina kifupi na meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali. Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mpagazi akakosa mzigo, na posta ya Bagamoyo ikawa posta ya mji mdogo. Jengo lake la kale lingali Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Watalii huupiga picha mlango wake wa nakshi.

Udogo huo haukuifanya isiwe na maana. Mtu wa kijijini asiye na sanduku alitumia S.L.P. ya shule au ya misheni. Barua ya rejista ilisainiwa. Ada ya mtoto ilikwenda kwa hawala ya posta, habari ya msiba kwa simu ya maandishi. Na stempu ya bei moja iliifikisha barua Kigoma sawasawa na Dar es Salaam. Jambo hili nalitilia uzito kuliko yote: aliyeishi mbali hakuadhibiwa kwa umbali wake.

Usawa huo uligharimiwa na mtu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilibaki na posta na simu chini ya shirika moja, na mapato ya simu yaliweza kubeba hasara ya barua. Mwaka 1994 vikatenganishwa. Simu ikaondoka na faida, posta ikabaki na wajibu. Kwa maoni yangu jeraha lilikuwa hapo. M-Pesa ilipoingia mwaka 2008 na kuichukua hawala, ilimkuta mgonjwa kitandani.

Kondakta ana haraka ambayo posta haikuwahi kuwa nayo, na simlaumu anayempa boksi lake. Lakini likipotea, mkulima anadai kwa nani? Kisheria, huduma ya posta kwa wote bado ni jukumu la Shirika la Posta. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imeweka namba za nyumba hadi vijijini, na mkulima aliyewahi kuazima sanduku la shule sasa ana anwani inayoishia mlangoni kwake. Nani atalipia safari ya kutoka lami hadi mlango huo, bajeti bado haijasema.