Sahani Hairudi Tupu: Kuku wa Kithai na Mchuzi wa Karanga Jikoni Deira

Kwetu pwani, jirani akikuletea chakula kwa sahani yake, humrudishii ikiwa tupu. Hata kama huna kitu, utatia maembe mawili, au kipande cha mkate wa mofa, au sukari kidogo. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini mtoto aliyetumwa na sahani tupu alirudishwa njiani. Basi fikiria aibu yetu, msomaji. Sisi watatu, wanachama wa Chama cha Kiswahili tunaoishi pamoja Deira, tulikaa na sahani ya jirani miezi minne.

Mwenye sahani ni dada wa Kithai aliyekuwa akiishi mlango wa pili, mshonaji wa nguo. Kwao mtu humwita aliyemzidi umri *phi*, na mdogo wake humwita *nong*, hata kama hawana udugu wa damu. Ni kama sisi tunavyosema "dada" na "mdogo wangu". Kwa hiyo yeye alituita nong, nasi tukamwita phi. Septemba mwenzetu wa Mombasa alipougua homa, phi aligonga mlango akiwa na sahani nyeupe yenye ua la buluu. Juu yake palikuwa na vijiti kumi na viwili vya kuku na kibakuli cha mchuzi wa karanga. Mgonjwa alikula vijiti vitano. Sahani ikaoshwa, ikawekwa kabatini, na masomo yakatusahaulisha.

Januari tukasikia kwamba mkataba wa phi umekwisha na anarudi kwao Ijumaa ya wiki inayofuata.

Mwenzetu wa Tanga alitaka tupike pilau. Mwenzetu wa Goma akakataa. Alisema, "Pilau ni fahari yetu sisi. Tumpikie kile alichotupa, ajue kwamba hatukukimeza tu, tulikionja." Tukakubaliana. Jumamosi tungejaribu kwa siri, na Alhamisi usiku tungempelekea sahani yake ikiwa imejaa.

Karanga au njugu?

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa lugha, maana sisi ni watu wa chama hiki. Wa Mombasa aliandika "njugu" kwenye orodha ya sokoni, wa Tanga akaifuta na kuandika "karanga". Kila mmoja alikuwa na haki yake. Katika sehemu nyingi za Kenya njugu ni hizihizi za kukaanga na chumvi. Tanzania ukisema njugu, wengi watafikiria njugu mawe, zile za mviringo na ngumu zinazochemshwa. Njugu mawe ni za Afrika tangu asili. Karanga ni mgeni: kwao ni Amerika ya Kusini, na zilivuka bahari kuja Afrika na kwenda Asia baada ya Wareno na Wahispania kuanza safari zao, karibu karne ya 16. Pilipili nayo ilitoka ng'ambo hiyohiyo.

Kwa hiyo Mthai na Mswahili walipata karanga katika zama zilezile, na wote wawili walikuwa tayari na nazi. Wa kwetu wakatia karanga katika kisamvu na mchicha. Wathai nao wana chakula cha nyama na mboga za majani kinachomwagiwa mchuzi wa karanga na nazi. Vijiti vya kuku alivyotuletea phi vinaitwa *sate*, na asili yake inatajwa kuwa Java, Indonesia, ndipo vikaenea Malaysia na Thailand. Ukiviona utasema ni mishkaki, ila vipande vyake ni vyembamba na vina rangi ya manjano.

Siku hiyo dukani tulipata majina mengine mawili. Mwarabu aliyesimama nasi kwenye foleni aliziita *ful sudani*, yaani maharage ya Sudan. Muuzaji Mhindi aliziita *mungfali*. Orodha yetu ikabaki na "karanga", kwa kura mbili dhidi ya moja.

Safari ya sokoni

Kuku tulimnunua Waterfront Market, soko kubwa la Deira la samaki, nyama na mboga. Tulichukua mapaja yasiyo na mifupa, kwa sababu kidari hukauka upesi kikikatwa vipande vyembamba. Bizari tulizipata katika soko la viungo karibu na hori. Kisha tukavuka hori kwa abra, nauli dirhamu 1, tukatembea hadi Karama kwenye maduka yanayouza vyakula vya Kifilipino na Kithai. Huko tulipata mchaichai mbichi, ukwaju, na rojo la pilipili nyekundu la Kithai.

Ukinunua rojo hilo soma karatasi yake vizuri. Mara nyingi hutiwa uduvi uliochachushwa, na si kila mtu anaweza kuula.

Tui likatike au lisikatike?

Jumamosi mchana mwenzetu wa Tanga alishika mwiko. Amelelewa na bibi yake, na sheria ya bibi ni moja: tui halikatiki. Ukiweka tui motoni unakoroga bila kuacha, moto mdogo, mpaka lichemke likiwa limeshikana. Tui likikatika mafuta yakaelea, mpishi amezembea.

Basi akakoroga. Akatia rojo la pilipili ndani ya tui, akatia karanga zilizosagwa, akakoroga tena. Mchuzi ulitoka laini na mzuri wa kutazama, lakini ulikuwa na ladha ya pilipili mbichi, na harufu ya mchaichai hata haikusikika. Juu ya hayo, karanga tulizikaanga kwa moto mkali zikaungua, zikaleta uchungu. Tuliongeza sukari. Ukawa mtamu na mchungu kwa pamoja.

Swali tulilosahau kuuliza

Tulikuwa tumemwalika mwanachama mwenzetu mmoja aje kuonja. Alipofika aliuliza mlangoni kama kuna karanga, kwani yeye karanga humdhuru. Tulimjibu kwa furaha kwamba kuku wake tutamtengea bila mchuzi. Tukamtengea kweli. Lakini tulimpakulia kwa kijiko kilekile kilichotoka kwenye sufuria ya mchuzi.

Hakumaliza kipande cha pili. Midomo ilianza kumwasha, shingo ikatoka mabaka, kisha akasema koo linabana. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko sisi. Alitoa sindano yake ya adrenalini mkobani akajidunga pajani, nasi tukapiga 998, namba ya gari la wagonjwa hapa Imarati. Walimchukua hospitali, kwa sababu hali hiyo inaweza kutulia kisha ikarudi baada ya saa kadhaa. Alfajiri aliruhusiwa. Alipotupigia simu alituuliza kama kuku wetu aliiva, akacheka. Sisi hatukuweza kucheka.

Msomaji, tunayaandika haya kwa sababu wengi wetu tumekua tukiamini kwamba anayekataa chakula anajidai, au kwamba kidogo hakidhuru. Karanga kidogo sana inaweza kumuua mtu. Kumtengea mgeni sahani hakutoshi. Chakula chake kipikwe kwanza, kwa sufuria yake, kijiko chake na ubao wake wa kukatia, kabla karanga hazijafunguliwa. Kama jiko ni dogo kama letu, basi siku hiyo karanga zisipikwe kabisa.

Phi aingia jikoni

Gari la wagonjwa liliwatoa majirani wote ukumbini, phi akiwa mbele. Alituletea maji, akakaa nasi mpaka simu ya kwanza kutoka hospitali. Siri yetu ilikuwa wazi juu ya jiko. Jumapili jioni alirudi, akaomba kijiko, akaonja mchuzi wetu uliolala, akafumba macho kwa muda.

Kiingereza chake na chetu hukutana nusu njia. Alionyesha tui, akatenganisha viganja vyake viwili: lazima likatike. Wa Tanga alidhani hakusikia vizuri. Phi akachukua tui zito, akaliweka kwenye kikaango kikavu bila mafuta, akaliacha. Likachemka, likapungua, likakatika, mafuta yakaelea. Hapo ndipo alipotia rojo la pilipili ndani ya mafuta hayo ya nazi, akalikaanga. Dakika mbili tu, na nyumba nzima ikanukia kama ile sahani ya Septemba.

Rojo linataka kukaangwa, na mafuta yake yamo ndani ya tui lenyewe. Bibi wa Tanga hakukosea, maana mchuzi wake wa samaki unataka tui lililoshikana. Phi naye hakukosea. Tui ni moja, kazi ni mbili.

Akatuonya pia kwamba tui la kopo aghalabu hutiwa vitu vya kulizuia lisikatike. Likigoma, ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, uendelee.

Mapishi yenyewe (watu 4 hadi 5)

*Kuku.* Kata kilo 1 ya mapaja yasiyo na mifupa vipande virefu vyembamba. Twanga mabua 2 ya mchaichai (sehemu nyeupe tu) pamoja na punje 4 za kitunguu saumu. Changanya na kijiko kidogo 1 cha manjano, vijiko vidogo 2 vya giligilani ya unga, kijiko kidogo 1 cha bizari nyembamba, kijiko kidogo 1 cha chumvi, kijiko kikubwa 1 cha sukari na nusu kikombe cha tui. Paka kuku, weka kwenye friji saa 3 au usiku kucha. Loweka vijiti vya mianzi majini nusu saa visiungue, kisha tunga nyama. Jengo letu linakataza mkaa roshani, kwa hiyo tunachoma kwa oveni nyuzi 220 kwa dakika 12 hadi 15, tukigeuza mara moja na kupaka tui. Kata kipande kinene uhakikishe hakina wekundu ndani.

*Mchuzi wa karanga.* Kaanga gramu 200 za karanga kwa moto mdogo, ukigeuza daima, mpaka ziwe na rangi ya dhahabu. Pepeta maganda, twanga ziwe chengachenga, zisiwe unga. Chukua kikombe 1 cha tui zito, liache likatike kama alivyofanya phi. Kaanga humo vijiko vikubwa 2 vya rojo la pilipili nyekundu. Tia karanga, kikombe 1 cha tui jepesi, vijiko vikubwa 2 vya sukari guru na chumvi. Pika dakika 10 kwa moto mdogo. Mwisho tia vijiko vikubwa 2 vya maji mazito ya ukwaju, uonje. Utamu utangulie, ukali wa ukwaju ufuate, pilipili ije nyuma.

*Achari.* Chemsha nusu kikombe cha siki na robo kikombe cha sukari na chumvi kidogo mpaka sukari iyeyuke. Ikipoa mimina juu ya matango, vitunguu na pilipili zilizokatwa nyembamba. Wathai huiita *ajat*. Tuliposikia jina hilo tuliangaliana: ni neno lilelile la achari.

Alhamisi usiku

Tulipika tena. Mara hii kila aliyealikwa tulimuuliza kabla hajavua viatu. Rafiki yetu wa Jumamosi hatukumkaribisha chakula. Tulimtembelea mchana wake na machungwa, tukamwomba radhi ana kwa ana.

Saa tatu usiku tukabeba sahani yenye ua la buluu hadi mlango wa pili, ikiwa na vijiti kumi na viwili, mchuzi na achari. Masanduku ya phi yalikuwa yamefungwa. Alikula kijiti kimoja akiwa amesimama. Alitafuna taratibu, akasema kuku ni mzuri. Kisha akaonja mchuzi peke yake, akaenda jikoni kwake palipobaki chupa mbili tatu, akarudi na ukwaju. Tone moja, akakoroga, akatuonjesha. Kweli ulikuwa bado unadai ukali kidogo.

"Sasa," akasema.

Ijumaa asubuhi tulikuta sahani mlangoni petu, imeoshwa. Ndani yake palikuwa na fungu la mchaichai, nusu pakiti ya sukari guru, na mchi mdogo wa mawe ambao tulidhani amekwisha kuufunga sandukuni. Kinu chake kilikuwa chini, ubavuni, kwa kuwa hakikuenea katika sahani. Yeye alikuwa ameshakwenda uwanja wa ndege.

Kwa hiyo deni bado lipo. Mchaichai tumeutia katika kopo la maji dirishani, na mabua mawili yametoa mizizi. Chumba cha mlango wa pili kimepata mpangaji mpya, mama mmoja kutoka Nepal na binti yake. Jumamosi hii tunapika. Tumekwisha kuwauliza: karanga wanakula.