Walitoka Nchi Moja, Wakaishi Mbalimbali

Juzi barazani, baada ya sala ya magharibi, mzee mmoja alisema kuwa Waingereza waliohamia Marekani zamani walikuwa kitu kimoja: lugha moja, mfalme mmoja, tabia moja. Nilinyamaza kwa heshima ya mvi zake, lakini leo naomba ruhusa nieleze niliyoyasoma.

Kundi moja lilitua Jamestown, Virginia, mwaka 1607. Walikuwa kama watu 100, wanaume na wavulana watupu, na walichokifuata ni mali. Njaa na maradhi yaliwafyeka. Walipoona tumbaku yastawi na yauzika, kila mwenye uwezo alijitenga na shamba lake kando ya mto. Miji ilikuwa haba, mayatima wengi, na vibarua walifungwa kwa mkataba wa miaka. Mwaka 1619 wakashushwa huko Waafrika zaidi ya 20 waliotekwa Angola.

Kaskazini, Massachusetts, mambo yalikuwa mengine. Waliofika mwaka 1630 walikuja na wake na watoto, wakikimbia bughudha za kanisa la mfalme. Baridi ilikuwa kali na udongo una mawe, lakini wengi waliishi hata wakaona wajukuu. Walijenga vijiji, nyumba ya ibada katikati. Mwaka 1647 ikatolewa sheria kuwa kila mji wenye jamaa 50 uweke mwalimu, watoto wapate kusoma kitabu chao. Sisi tuliolelewa chuoni twaijua hamu hiyo. Gavana Berkeley wa Virginia, kwa upande wake, mwaka 1671 alimshukuru Mungu kwamba kwake hakuna shule za bure wala mtambo wa kupiga chapa!

Je, mzee wangu alikosea? Hapo ndipo nilipokwama. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mwenyeji hakupona. Virginia, Wapowhatan walinyang'anywa ardhi kwa ajili ya tumbaku. Kaskazini, katika vita vya mwaka 1637, Wapequot waliuawa kwa mamia, na baadhi ya mateka wakauzwa utumwani West Indies. Waliofanya hayo ni wale wale waliohimiza watoto wao wasome.

Basi nitarudi barazani nimwambie mzee kuwa ana nusu ya haki. Kwa maisha yao walitofautiana sana. Kwa mwenye nchi walikuwa mamoja. Na linalonisumbua mimi ni kwamba kusoma hakukuwazuia.