Eldoret: Hadhi ya jiji pekee haileti maji mferejini

KUPANDISHWA hadhi kwa Eldoret kuwa jiji la tano nchini mnamo Agosti 15, 2024 hakukuondoa swali gumu: ni lipi litangulie?

Kwa mujibu wa Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, jiji husimamiwa na bodi pamoja na meneja, na ni sharti liwe na mpango jumuishi wa maendeleo. Mpango huo ndio msingi wa bajeti. Hata hivyo, fedha hupitia serikali ya kaunti na kuidhinishwa na bunge lake. Kwa hivyo mradi usioandikwa mpangoni hauna pa kushikilia, hata ukipigiwa makofi barazani.

Maji yanastahili kutangulia. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 475,000 mjini humo, na sehemu kubwa ya maji yao hutoka bwawa la Chebara, lililo katika kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet. Haiwezekani bodi kuipangia rasilimali hiyo bila maelewano na jirani. Nao mto Sosiani hukatiza katikati ya mji, ukipokea uchafu wa mitaa isiyo na mabomba ya majitaka. Lakini taa za barabarani huonekana upesi kuliko bomba lililozikwa ardhini, na wanasiasa wanalijua hilo.