Kisu kizuri cha mkate si lazima kiwe ghali

MKATE unaookwa nyumbani hula saa nyingi. Unga hukandwa, huachwa uumuke, hufinyangwa, huachwa tena, kisha huingia katika tanuri kwa muda unaoweza kufika dakika 45. Kazi yote hiyo huweza kuharibika mezani katika nusu dakika, pale mkate wenye ganda gumu unapokandamizwa kwa kisu cha nyama hadi ukabonyea na kupasuka ubavuni.

Wengi walioanza kuoka wenyewe mijini wanaifahamu hali hiyo. Mkate wa kiwandani aghalabu hufika dukani ukiwa umekwisha kukatwa slesi na kufungwa katika mfuko, hivyo katika nyumba nyingi hakuna kisu cha mkate kabisa. Kilichopo ni kisu kimoja cha vitunguu na kingine cha nyama, na vyote viwili hutumika kwa kila kazi.

Anayeamua kununua huingia dukani bila kujua aulizie nini. Hatimaye ama hushawishiwa kuchukua seti nzima ya visu iliyopangwa katika kigogo cha mbao, ama huondoka na kisu cha bei ya chini kuliko vyote, ambacho hupinda mwezi wa kwanza. Njia zote mbili ni za kupoteza fedha.

Miongoni mwa visu vyote vya jikoni, cha mkate ndicho ambacho ubora wake unategemea kwa kiasi kidogo zaidi bei ya chuma kilichotumika. Sababu yake imo katika namna kisu hicho kinavyofanya kazi.

Kisu chenye makali yaliyonyooka hukata kwa kusukumwa chini. Mkate haukubali kusukumwa, kwa kuwa ganda lake ni gumu ilhali ndani yake ni laini na mna vishimo vingi vya hewa, hivyo cha ndani huporomoka kabla cha nje hakijakatika. Kisu chenye meno hugusa ganda kwa ncha chache tu. Nguvu yote ya mkono hukusanyika katika ncha hizo, nazo hutoboa ganda mara kisu kinapovutwa, bila kuhitaji kukandamiza.

Jambo la pili ni muhimu zaidi kwa mnunuzi. Sehemu kubwa ya makali ya kisu cha meno imejificha katika mabonde yaliyo kati ya jino na jino, wala haigusi kibao cha kukatia. Kwa hiyo kisu hicho hakichakai upesi kama cha makali yaliyonyooka, hata kama chuma chake ni cha kawaida. Chuma cha thamani, kinachosifiwa kwa kushika makali membamba kwa muda mrefu, hakimpi mwoka mikate faida inayolingana na bei yake.

Hali kadhalika, hakuna haja ya kulipia kisu kilichofuliwa kwa moto na nyundo. Visu vya aina hiyo, ambavyo vimeipatia sifa miji kama Solingen nchini Ujerumani, huwa vizito na vya kupendeza. Lakini bapa lililokatwa kutoka katika karatasi ya chuma, likapashwa moto ili likomae, kisha likatiwa meno, hukata mkate vilevile. Kampuni ya Victorinox ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1884, hutengeneza visu vya mkate vya namna hiyo vyenye mpini wa plastiki, na vinaonekana katika jikoni nyingi za hoteli.

Kinachostahili kulipiwa ni urefu, na meno yaliyotengenezwa ipasavyo.

Kwa upande wa urefu, kanuni ni kwamba bapa lazima lizidi upana wa mkate kwa nafasi ya kutosha, ili kisu kiweze kwenda na kurudi. Mkate uliookwa katika bati la kawaida una upana wa sentimita 10 hivi, na kisu cha sentimita 20 kinautosha. Mkate wa mviringo uliookwa bila bati huweza kufika sentimita 20 au zaidi. Kwa mkate huo kisu kifupi hubaki kimezama ndani, na mkataji hulazimika kukisukuma badala ya kukivuta. Bapa la sentimita 25 ndilo linalofaa nyumba nyingi. Linalozidi 30 hata droo hailipokei.

Kipimo hicho huhusu bapa peke yake, bila mpini. Aliyesahau futi nyumbani ana shubiri yake mkononi: kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa, mkono wa mtu mzima hukaribia sentimita 20 au huzidi kidogo.

Meno yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo ndipo wauzaji wa visu hafifu wanapofichia udhaifu. Katika kisu kilichotengenezwa vizuri, kila bonde kati ya meno limenolewa, na likielekezwa kwenye mwanga huonyesha mteremko unaong'aa unaoishia katika makali. Katika kisu hafifu meno yamekatwa tu katika unene wa chuma, mfano wa chanuo, na pembeni hakuna makali yoyote. Kisu hicho hakikati, hukwaruza, na mkate hujaza meza makombo.

Wingi wa meno nao si sifa. Meno madogo yaliyosongamana kama ya msumeno wa chuma huteleza juu ya ganda gumu na kuchana sehemu ya ndani. Meno makubwa kiasi, yenye ncha kali na nafasi kati yake, hushika ganda tangu mvuto wa kwanza. Vipo pia visu vyenye makali ya mawimbi ya mviringo, yasiyo na ncha. Hivyo hukata keki na mikate laini kwa usafi mkubwa, ila huweza kusitasita juu ya ganda lililokauka.

Kuhusu chuma, mnunuzi anaweza kufanya jaribio dogo kwa sumaku ya kawaida, kama ile inayobandikwa kwenye mlango wa jokofu. Chuma kisichoshika kutu kinachotumika kwa visu hukomazwa kwa moto, na aina hiyo huvutwa na sumaku. Chuma cha vijiko na masufuria mengi ya kung'aa kina nikeli ndani yake. Aghalabu hakivutwi, au huvutwa kwa shida, na hakiwezi kukomazwa kwa moto. Bapa ambalo sumaku inadondoka juu yake limetengenezwa kwa chuma cha vijiko, na meno yake yatalala upesi. Hata hivyo, sumaku ikinasa haithibitishi kwamba kisu ni bora. Imeondoa tu shaka moja.

Mpini uwe umeshikamana na bapa bila kutikisika, na uache nafasi ili vifundo vya vidole visigonge kibao kisu kinapofika chini. Ndiyo maana baadhi ya visu vya mkate vina mpini uliopandishwa juu kuliko bapa. Plastiki haina ubaya. Mbao inapendeza machoni, lakini ikilowekwa katika beseni pamoja na vyombo vingine hupasuka.

Wanaotumia mkono wa kushoto wana tatizo lao. Visu vingi vya meno vimenolewa upande mmoja tu, ule unaomfaa anayetumia mkono wa kulia, na kisu cha namna hiyo huelekea kupinda kufuata upande ulio bapa. Slesi huanza nyembamba juu na kuishia nene chini, au kinyume chake, na mkataji akadhani mkono wake ndio mbovu. Kwa watu hao, visu vilivyonolewa pande zote mbili vinafaa zaidi kuvitafuta, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Ni vema pia kusema kwamba si kila nyumba inahitaji kisu hiki. Boflo na mikate mingine yenye ganda jembamba hukatika kwa kisu chochote chenye makali mazuri, na nyingine humegwa kwa mkono. Kisu cha meno kinahitajika pale mkate unapotoka na ganda linalolia ukigongwa, au pale anayeoka anapouza kwa majirani wanaotarajia slesi zinazolingana. Anayetengeneza keki za tabaka naye hunufaika, kwani kisu kirefu cha meno ndicho kinachoigawa keki pande mbili bila kuimenya.

Mazoea ya kutokuwa nacho yana historia fupi. Mashine ya kukata mikate slesi ilianza kutumika kibiashara Julai 1928 katika kiwanda cha kuoka mikate cha mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri nchini Marekani. Mvumbuzi wake alikuwa Otto Rohwedder, ambaye mashine yake ya mwanzo, aliyoiunda mwaka 1912, iliteketea kwa moto. Muda si mrefu watu wakaizoea kiasi kwamba, serikali ya nchi hiyo ilipopiga marufuku mikate iliyokatwa Januari 18, 1943, wakati wa vita, malalamiko ya kina mama wa nyumbani yalisikika kila upande. Marufuku hiyo iliondolewa Machi 8 mwaka huohuo.

Kisu nacho hulaumiwa kwa makosa yasiyo yake. Mkate uliotoka tanurini bado unaendelea kuiva: mvuke unasafiri kutoka katikati kwenda nje, na wanga ulioloa maji haujaganda. Ukikatwa wakati huo, ndani hunata kama ugali mbichi na bapa hutoka limepakaa utando, hata kama kisu ni cha bei ya juu. Mkate wa ngano wa ukubwa wa kawaida uachwe juu ya waya saa moja hadi mbili. Ule wa unga wa shayiri nyeusi wa Ulaya huachwa hata siku nzima.

Wakati wa kukata, kisu huvutwa kwa mivuto mirefu inayotumia bapa lote, bila kukandamiza. Ganda la chini likiwa gumu mno, mkate hulazwa ubavu. Vidole vya mkono unaoshikilia vikunjwe ndani, kwa kuwa jeraha la kisu cha meno huwa na kingo zilizochanika na huchelewa kupona kuliko la kisu laini.

Kinachobaki ni kukitunza. Kioshwe kwa mkono, kikaushwe mara moja, na kama kinalala katika droo kifunikwe kwa kipande cha boksi kilichokunjwa, kwa usalama wa meno ya kisu na vidole vya mtafutaji. Kisitumike kukatia juu ya sahani ya udongo wala bati, maana ncha za meno hukatikia huko.

Makali yakifika kupungua, kisu cha mkate kisipelekwe kwa mnoa visu anayepita mtaani na cherehe yake juu ya baiskeli. Jiwe lake bapa hunoa vema panga na kisu cha nyama, lakini likipita juu ya meno huyasawazisha, na mwenye kisu hurudishiwa kitu ambacho si cha mkate wala si cha nyama. Kinachohitajika ni tupa nyembamba ya mviringo, inayoingia katika kila bonde kutoka upande ule tu wenye mteremko, mara mbili au tatu kila bonde. Kisha upande wa pili hupitishwa taratibu juu ya kinoo kilicholazwa, ili kuondoa vinyweleo vya chuma vilivyosalia. Kwa kisu cha bei ya kawaida kinachokata mkate mmoja au miwili kwa wiki, kazi hiyo huweza kungoja miaka kadhaa.